Kanyonyi, Gari Jepesi la Bugene

Mnapokuja hapa na pikipiki zenu mkitaka nikate madigadi, ning'oe kishikio cha nyuma na kutoboa matundu kwenye fremu ili chombo kiwe chepesi, nami nikakataa, msidhani ni uzee. Mkono wangu bado unashika tindo. Macho ndiyo yaliyoliwa na moto wa kuchomelea, lakini bati naweza kulikata kwa kupapasa tu na likanyooka. Nakataa kwa sababu kazi hiyo ya kupunguza uzito niliifanya miaka mingi, chini ya fundi aliyeijua kuliko mtu yeyote niliyepata kumwona, na najua ilitufikisha wapi.

Mimi si mtu wa maneno mengi, na elimu yangu ni ya darasa la saba, kwa hiyo naandika polepole. Nanyi someni polepole.

Mna picha kwenye simu za magari ya mashindano, mafupi, mepesi, yenye kiti kimoja, yasiyo na redio wala kapeti. Mnadhani vitu hivyo vinazaliwa Ulaya tu. Hapa Bugene palizaliwa gari la namna hiyo. Tuliliita Kanyonyi, na mnaosema Kinyambo mnajua ni ndege mdogo. Walikuwa Kanyonyi watatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mwepesi kuliko aliyemtangulia. Wa nne hakuzaliwa. Ninyi mmekua bila hata kusikia jina lake, na siwalaumu, maana hakuna aliyebaki na hamu ya kulitaja.

Aliyemtengeneza ni Fundi Laurenti. Wazazi wake walivuka kutoka Rwanda yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni. Alianza maisha kwa kibarua cha kupalilia migomba ya watu, kisha akaenda Bukoba kujifunza ufundi, akarudi akajenga banda la mabati kando ya barabara. Alikuwa mfupi, mwenye vidole vinene, Mkatoliki wa kuhudhuria misa kila Jumapili, na alikuwa na mdomo. Siku ya kwanza nilipokwenda kuomba kazi nilisimama nje ya banda nikishindwa kusema. Akanitazama, akaendelea na kazi, akanitazama tena.

"Wewe ni nguzo au ni mtu?"

"Mtu."

"Basi nguzo ingenijibu haraka zaidi. Ingia ushike hapa."

Tangu hapo akaniita Kimya, na mpaka leo wako watu wa Bugene wasiojua nilibatizwa jina gani.

Karakana yetu haikuwa na mizani. Laurenti alipima kwa mikono, na kipimo chake kilikuwa mkungu wa ndizi, kwa sababu ndicho kitu ambacho kila mtu wa huku amekibeba kichwani tangu utoto. Alikuwa akiinua mlango wa gari, anaufikiria huku amefumba jicho moja, anasema, "Mkungu mzima, na ule wa kuzaa vizuri." Akiinua kiti: "Nusu mkungu." Wateja walicheka. Lakini siku moja mwenye duka la jirani alileta mizani yake ya kupimia kahawa ili amwaibishe, wakapima milango miwili na bampa, na Laurenti akawa amekaribia sana. Mwenye duka akabeba mizani yake akaondoka bila kuaga.

Hilo ni la kujifunza. Kabla hujashika spana, shika kitu chenyewe. Kiinue. Mwili wako unajua mengi ambayo macho hayajui.

Kanyonyi wa kwanza tulimpata kwa sababu ya vita. Mwaka ule vita ilipoanza ndio nilikuwa nimemaliza shule. Malori yote yenye kutembea yalichukuliwa kupeleka askari na vyakula mpakani, na yaliporudi, yale yaliyorudi, yalikuwa yamechakaa. Tulifanya kazi ya viraka tu. Katikati ya hayo pakaletwa gari dogo la injini nyuma, lile la mgongo wa mviringo ambalo watu waliliita kobe. Paa lilikuwa limebonyea mpaka kwenye usukani. Mwenye gari alilitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Kama linawafaa, kaeni nalo. Mimi sitaki hata kuliona."

Laurenti akakata paa lote. Akang'oa milango, akachomelea mabomba ya maji mahali pake ili bodi isijikunje. Hakuwa na nia ya mashindano. Alitaka tu kitu cha kwendea Kayanga kununua gesi. Lakini alipopanda nacho kile kilima cha kuingilia mjini, akalipita gari la serikali lenye injini kubwa mara mbili, akarudi karakanani akiwa na uso wa mtu aliyeona jambo.

"Kimya," akasema, "sikuongeza nguvu yoyote. Injini ni ileile, tena inavuja. Nimepunguza mikungu tu."

Nadhani ugonjwa wake ulianzia hapo.

Miaka iliyofuata mmesimuliwa na wazee wenu: sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, mafuta ya gari kwa kibali. Plagi mpya hukuiona. Tulikuwa tukikwangua plagi za zamani kwa kipande cha msasa na kuzichoma motoni mpaka ziwe nyeupe. Tairi likipasuka tulishona kiraka cha ndani kwa waya mwembamba, kama mnavyoshona mpira wa miguu. Jumapili mchana magari binafsi yalikatazwa kutembea ili mafuta yasiishe nchini. Ndipo Laurenti alipochagua Jumapili mchana kumjaribu Kanyonyi wa pili, kwa kuwa barabara ilikuwa nyeupe. Tukakutana na askari wa barabarani kwenye kona.

"Hamjui leo ni Jumapili?"

"Tunajua, Afande. Tumetoka misa."

"Na hili gari je?"

"Afande, hili bado si gari," Laurenti akasema kwa upole. "Tazama mwenyewe. Halina paa, halina milango, halina hata kioo."

Askari akalizunguka. Akainama chini, akaangalia matundu tuliyokuwa tumetoboa kwenye fremu ya kiti. Akasimama wima.

"Kweli si gari," akasema. "Basi lisukumeni."

Tulilisukuma mpaka nyumbani, Laurenti kwenye usukani akitushangilia. Hiyo ndiyo siku ya mwisho ninayokumbuka tulicheka wote pamoja, na kwa hiyo nimeiandika hapa ingawa haina faida kwenu.

Sasa niwaambie alichokitaka Laurenti, ili mwelewe kilichopotea. Alikuwa amechoka viraka. Alisema fundi wa viraka ni kama mtu anayefukua kaburi lilelile kila siku. Alitaka atengeneze kitu kizima, chenye jina, ambacho watu wangekuja kutoka mbali kukiagiza: mmoja anataka Kanyonyi, mwingine naye anataka Kanyonyi, na karakana ya Bugene inatoa mmoja baada ya mwingine. Alikuwa na vijana sita pale, mimi nikiwa mmoja, na kila mmoja alijua kwamba ndoto ile ikitimia tutakuwa na kazi mpaka uzeeni, na isipotimia banda litafungwa, maana malori ya kahawa yalikuwa yanakufa moja moja na vipuri havipatikani.

Aliyeweza kuitimiza ni Bwana Ishengoma, mfanyabiashara wa Muleba mwenye malori na maduka ya vifaa vya ujenzi. Huyu alipenda mwendo. Yeye na rafiki zake wa Bukoba na Mwanza walikuwa na mchezo wao: kila baada ya msimu wa kahawa walikutana kwenye uwanja wa nyasi ambapo zamani ndege ndogo zilitua, wakachora njia ya mviringo kwa chokaa, wakashindana. Njia ilianza kwenye uwanja, ikaingia malishoni, ikapanda tuta moja refu kama mgongo wa ng'ombe, ikashuka na kukata kushoto kwa ghafla, kisha ikarudi uwanjani. Kanyonyi wa pili alishika nafasi ya tatu, nyuma ya magari yaliyoletwa kwa meli. Ishengoma akaja kuligusa gari kwa kidole, kama mtu anayegusa ndama wa mwenzake.

"Waitu, ndugu yangu Fundi, hili limetoka wapi?"

"Limetoka Bugene."

"Naona limetoka Bugene. Nauliza nani kakufundisha?"

"Kobe mwenyewe. Nilimvua gamba, akakimbia."

Ishengoma alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema mbele ya watu: "Tengeneza jingine, jepesi zaidi. Likinishindia mwakani, mimi nachukua langu, na hawa wote uwaonao hapa watachukua yao. Nawajua. Hawawezi kukubali kushindwa na mtu wa Muleba."

Hiyo ndiyo ahadi. Haikuandikwa popote, na sina sababu ya kusema ilikuwa ya uongo.

Dereva wetu alikuwa Deo. Huyu alikuwa mtu wa Kamuli, upande wa Kyerwa, dereva wa lori kwa kazi, mrefu, mchangamfu, mwenye mikono mepesi kwenye usukani kama mikono ya mpiga ngoma. Alikuwa amemwoa Konsolata, binti wa kwanza wa Laurenti. Kwa hiyo alikuwa dereva na alikuwa mkwe. Mnajua heshima ya mkwe huku kwetu. Mkwe hamwiti baba wa mkewe kwa jina, hakai kabla ya kukaribishwa, na hawezi kufika kwenye ua wa baba mkwe mikono mitupu. Deo alikuwa na shamba zuri la migomba. Kila alipokuja Bugene alikuja na mikungu miwili mikubwa ya ndizi, imefunikwa kwa majani yake, na mama mkwe alikuwa akitoka jikoni akipiga vigelegele kana kwamba ni mara ya kwanza.

Tulimjenga Kanyonyi wa tatu kwa karibu miezi sita. Bati tulitoa kwenye bodi ya gari la mikate lililopinduka njia ya Bukoba. Ilikuwa alumini safi, na hapa nawapa siri ya kazi, maana leo mnaigonga alumini ikiwa baridi halafu mnashangaa inapasuka. Paka sabuni ya kufulia juu ya bati. Pitisha moto polepole, usikae mahali pamoja. Sabuni ikigeuka rangi ya kahawa iliyokaangwa, ondoa moto. Bati limelainika, unaweza kulikunja kama unga uliokandwa. Ukingoja sabuni iwe nyeusi, umechelewa, bati linayeyuka na kuanguka miguuni mwako. Na ukitoboa tundu la kupunguza uzito, litoboe la mviringo, usitoboe la pembe, kwa sababu ufa huanzia kwenye pembe. Na usitoboe karibu na mchomeleo.

Tulifuata hayo yote. Kila kipande alikiinua Laurenti. "Nusu mkungu. Kitoke." Tairi la akiba lililokaa mbele likatoka. Tangi la mafuta la chuma, nalo lilikaa mbele, likatoka, tukaweka dumu dogo nyuma ya kiti karibu na injini. Boneti ya mbele ikawa ya alumini nyembamba, unaweza kuibonyeza kwa kidole gumba. Chini yake palibaki uvungu mtupu, mweupe, msafi kama sufuria mpya. Siku lilipokamilika, Laurenti akaita watu wanne wa sokoni, wakaliinua gari upande wa mbele bila hata kuguna. Mmoja akauliza, "Fundi, usiku hamlifungi kamba? Upepo je?"

Deo alilichukua Kamuli kulizoea. Utaratibu wake ulikuwa huu. Anatoka Kamuli alfajiri, anapita kwanza kwenye ule uwanja, anazunguka njia ya mashindano mara kadhaa kabla ya ng'ombe kuingia malishoni, kisha anakuja Bugene. Sisi wengine tulikuwa tukienda uwanjani kwa baiskeli kumwangalia. Alipanda lile tuta na kushuka, akakata kushoto kama kisu kwenye parachichi. Laurenti alisimama mikono nyuma, midomo ikitikisika kama anayesali. Baadaye tulirudi naye nyumbani, Deo anafungua boneti ya mbele, anatoa mikungu miwili ya ndizi.

"Shikamoo, Baba. Mama, hizi zenu."

Kila mara. Na sisi sote, watu ambao tulikuwa tumepigania uzito wa kila bati na kila boliti, tuliitazama mikungu ile ikitolewa mle ndani na kupelekwa jikoni, hatukuona kitu. Nimefikiria sana kwa nini. Nadhani ni kwa sababu kwetu ndizi anazoleta mkwe si mzigo. Ni salamu. Nani anapima salamu?

Wiki ya mashindano Laurenti alitaka gari libaki karakanani ili arekebishe kabureta. Deo akaja kwa lori la watu, akalala kwa baba mkwe wake, kwa hiyo asubuhi hakutoka Kamuli. Mikungu iliyokuwa imekatwa kwa ajili ya wazee ilibaki nyumbani kwake. Alimwomba radhi mama mkwe kwa kuja mtupu, na mama mkwe akasema mambo hayo waachie wazee, wewe nenda ukashinde.

Ilikuwa Jumamosi ya jua kali. Magari yalikuwa saba. Deo alivaa shati alilofuliwa na Konsolata, akanikonyeza.

"Kimya, leo utapiga kelele?"

"Nitajaribu."

"Usijaribu. Piga."

Mzunguko wa kwanza aliwaacha wote kwenye uwanja ulionyooka. Injini ile ililia sauti ambayo sijaisikia tena kwa gari lolote. Akapanda tuta. Nilikuwa nimesimama pembeni ya tuta lenyewe, na niliyoona niliyaona vizuri. Alipofika juu, pua ya gari iliendelea kwenda juu. Gari halikushuka na ardhi. Liliinua uso kama mbwa anayenusa. Niliona magurudumu ya mbele yakikata kushoto, Deo aliyakata yote mpaka mwisho, na yalikuwa yanazunguka hewani hayajashika chochote. Gari likaenda moja kwa moja. Mbele palikuwa na kichuguu kikubwa, kikavu kama saruji.

Boneti ile ya kubonyezwa kwa kidole haikumkinga kwa lolote.

Hospitali walimkata mguu wa kulia juu ya goti. Nilikwenda kumwona kila nilipopata lifti. Siku za mwanzo alikuwa akirudia jambo moja. "Usukani ulikuwa mwepesi, Kimya. Kama gari lililo juu ya jeki. Mbona siku zote ulikuwa mzito?" Laurenti alikaa upande wa pili wa kitanda na kofia mapajani. Alikuwa amekwisha kufungua sehemu ya mbele yote, akakagua springi, mikono ya usukani, kila kitu. Hakuona kilichovunjika kabla ya kichuguu. Hilo lilimtesa kuliko kama angeona.

Jibu lilikuja kwa njia ya kawaida kabisa. Konsolata alikuwa anamlisha uji, akawa analalamika juu ya mambo ya nyumbani ili tu pasiwe kimya.

"Na zile ndizi za Baba zimeivia mlangoni. Nimewagawia majirani. Ungejua mikungu ile ilivyokuwa mikubwa!"

"Ndizi zipi?" Deo akauliza.

"Zile ulizokata za kuwapelekea. Si ulikwenda na lori ukaziacha?"

Deo akaacha kumeza. Akamtazama baba mkwe wake. Laurenti alikuwa ameinua mikono yake miwili kidogo kutoka mapajani, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu na kukipima. Akakaa hivyo. Kisha akaishusha.

"Miwili," akasema. "Mikubwa. Mbele kabisa."

"Kila siku, Baba," Deo akasema.

Konsolata akatutazama mmoja mmoja. "Mnasema nini? Kuna nini?" Laurenti akainuka, akavaa kofia yake, akatoka nje.

Nadhani mnaelewa, lakini niseme wazi kwa yule ambaye hajapata kushika gari la injini nyuma. Uzito wote wa gari lile uko nyuma. Mbele tulikuwa tumeondoa kila kilichokuwa kinaishikilia chini: tairi na tangi. Kilichobaki kuishikilia ni ndizi za mkwe. Tulilijaribu gari kwa miezi likiwa na ndizi, tukakaza springi na usukani likiwa na ndizi, tukaamini kwamba tumemjua Kanyonyi. Yule tuliyempeleka kushindana hatukuwa tumemjua hata kidogo.

Laurenti alifikiri kwamba kwa kuwa sababu imejulikana, kazi inaweza kuokolewa. Alinichukua tukaenda Muleba kwa Bwana Ishengoma. Alivaa koti. Ishengoma alitupokea vizuri, akauliza hali ya Deo kwa huruma ya kweli, akaagiza chai. Kisha Laurenti akaeleza yote, ndizi na tuta na magurudumu, akamaliza hivi:

"Nikitengeneza wa nne, naweka mfuko wa mchanga mbele, au chuma, au narudisha tangi mahali pake. Hatainuka tena. Nakuapia."

Ishengoma alizungusha kikombe chake kwa muda.

"Fundi. Wewe ndiye uliyeniambia uzuri wa gari ni kuvua. Miaka yote ni kuvua, kuvua. Sasa unaniambia nibebe mchanga?"

"Mchanga kidogo tu."

"Waitu, sikatai akili yako. Lakini rafiki zangu waliona mguu wa yule kijana. Hakuna hata mmoja atakayekaa kwenye kiti kile, hata ukikijaza mawe. Na siku hizi magari ya Japani yaliyotumika yanashuka bandarini kila wiki, mtu anachagua rangi." Akaweka kikombe chini. "Mimi mwenyewe mke wangu amenikataza."

Laurenti akashukuru kwa chai, akafunga vifungo vya koti. Alikuwa mtu mwenye jibu kwa kila mtu, kwa askari, kwa mwenye duka, kwa padri, isipokuwa kwa swali lile la mchanga. Ndani ya basi la kurudi alikaa dirishani mpaka Bugene. Safari ile nilitamani kuzungumza kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu, nikatafuta neno la kumfariji. Halikuwepo. Mpaka leo nikilitafuta halipo.

Banda lilifungwa kabla ya masika. Vijana wawili walikwenda Mwanza, mmoja akarudi kulima kwao, wengine sijui. Mimi nilibaki na mtungi wa gesi na nikawa mchomeleaji wa milango na vitanda, ndiyo kazi mliyonikuta nayo. Laurenti alirudi kwenye migomba, safari hii yake mwenyewe, na watu wakimpelekea baiskeli aitazame alikuwa akisema hana miwani. Hakuwa amepata kuvaa miwani. Alifariki bila kulitaja tena lile gari mbele yangu. Konsolata ananiambia nyumbani pia hakulitaja.

Alumini ya Kanyonyi ilinunuliwa na watengeneza sufuria. Injini aliichukua mtu wa Nyakakika mwenye mashine ya kusaga, na kwa kuwa alihitaji mtu wa kuisimamia anayejua injini, na kwa kuwa kazi yenyewe ni ya kukaa, akamwajiri Deo.

Nilikwenda huko miaka ile ambapo watu wengi walikuwa wamevuka mpaka wakikimbia, na kila mashine ya kusaga ilikuwa na foleni ya kutwa. Deo aliniita kwa sababu injini ilikuwa inarukaruka kwenye kitako chake na kukata boliti. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda mbele yake, gongo lake la kutembelea limeegemezwa ukutani, nywele nyeupe kwa unga. Alikuwa amevuta mafuta mpaka mwisho. Sauti ileile. Nilisimama mlangoni.

"Wewe Deo!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka kwenye foleni. "Unga unatoka wa moto! Unatusagia au unatuchomea?"

"Mwacheni, leo ana haraka ya kwenda kwa wakwe!" mwingine akasema, wakacheka. Hawakujua.

Deo akashusha mafuta. Akaniona.

"Kimya. Umekuja. Tazama hapo chini, inatembea."

Nikainama. Kitako kilikuwa cha chuma chembamba, kizuri kukitazama, chenye matundu ya mviringo. Sikumwuliza nani alikitoboa. Nilimwambia naweza kukikaza kwa pembe nne za chuma chepesi.

"Hapana," akasema. "Weka kizito."

Nje palikuwa na kipande cha chesisi ya lori la zamani, kile cha kubebwa na watu wawili. Nilikikokota ndani, nikakichomelea chini ya kitako. Akawasha. Injini ikatikisika kidogo.

"Kingine," akasema.

Nikaleta kingine, nikakichomelea kando ya kile cha kwanza, nikamwagia zege. Kesho yake asubuhi akawasha tena, akavuta mafuta mpaka mwisho, akaweka kiganja juu ya kitako. Injini ilinguruma kwa nguvu zake zote na haikusogea hata unywele. Deo alikaa na kiganja chake pale kwa muda, kisha akamwita aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni alete debe lake.